Kufunga Baiskeli Nje ya Gari: Mwongozo kwa Msafiri wa Barabara za Matuta

Baiskeli inayobebwa nje ya gari hukutana njiani na nguvu za aina nne: upepo unaoikandamiza, breki zinazoitupa mbele, kona zinazoivuta ubavuni, na matuta na mashimo yanayoirusha juu kisha kuiangusha. Tatu za kwanza hufikiriwa na karibu kila msafiri, kwa kuwa huzihisi mwilini mwake akiwa amekaa kitini. Ya nne husahaulika upesi, kwa sababu dereva ameketi kati ya ekseli mbili, mahali ambapo gari hupanda na kushuka kidogo, ilhali baiskeli iliyofungwa nyuma ya bampa iko nje kabisa ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mpando na mshuko huo ni mkubwa zaidi. Kadiri baiskeli inavyokaa mbali na mlango wa nyuma, ndivyo inavyorushwa zaidi na kila tuta.

Katika barabara za Afrika Mashariki nguvu hiyo ya nne ndiyo inayopaswa kuongoza uamuzi wote, kuanzia kununua vifaa hadi kukaza mkanda wa mwisho. Msafiri anayetoka Nairobi kupeleka baiskeli Naivasha, ili apande katika Hifadhi ya Hell's Gate ambako wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, husafiri takriban kilomita 90 tu, lakini ndani yake mna mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa na matuta ya kila mji anaoupita. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Lushoto hupita vijiji vingi vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na mara nyingi kikomo hicho huambatana na matuta makubwa na safu za matuta madogo madogo yanayolitetemesha gari zima; kisha, akifika Mombo, hupanda milima ya Usambara kwa barabara nyembamba ya kona mfululizo. Maelekezo yanayoandikwa kwa ajili ya barabara kuu za Ulaya, ambako gari hutembea saa nzima bila kuruka, hayamtoshi msafiri huyu.

Hoja ya msingi ya mwongozo huu ni kwamba baiskeli huanguka kwa sababu ya kucheza, yaani kusogea kidogo kidogo ndani ya vifungo vyake, na mara chache sana huanguka kwa sababu ya uzito peke yake. Kifungo chenye nguvu ya kutosha kubeba uzito wa baiskeli mara kumi kinaweza kushindwa ndani ya saa moja ikiwa kimeiachia nafasi ya kusogea sentimita moja, kwani kila tuta huigeuza nafasi hiyo kuwa pigo, na mapigo hulegeza bizimu, hufungua nati na husaga mkanda kwenye ukingo wa chuma. Kwa hiyo kazi ya mfungaji ni kuiondoa nafasi hiyo, mpaka gari na baiskeli viwe kitu kimoja.

Keria, katika maelezo haya, ni fremu ya chuma au alumini inayofungwa kwenye gari ili kubeba baiskeli, na haipaswi kuchanganywa na keria ndogo iliyo nyuma ya baiskeli yenyewe. Keria za gari zinazopatikana sokoni ni za namna nne: ya mikanda inayoegemea mlango wa buti, ya kufungwa kwenye tairi la akiba lililo mlangoni nyuma, ya kusimama juu ya chuma cha kuvutia tela, na ya juu ya paa. Kabla ya kuchagua, msafiri anatakiwa kujua uzito wa mzigo wake. Baiskeli ya mashindano ya barabarani huwa na kilo 7 hadi 10, ya milimani 12 hadi 15, na ya umeme mara nyingi huzidi 20. Ile baiskeli nzito ya chuma yenye breki za fito, ambayo Kenya na Uganda huitwa Black Mamba, nayo hukaribia au kuzidi kilo 20. Baiskeli mbili za aina ya mwisho ni mzigo ambao keria nyingi za mikanda hazikutengenezwa kuubeba, hata kama zinaonekana imara dukani.

Kila keria huwa na kikomo chake cha uzito kilichoandikwa na mtengenezaji, na gari nalo huwa na kikomo chake katika kitabu cha maelekezo. Kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kusahau uzito wa keria yenyewe. Ikiwa chuma cha kuvutia tela kimeruhusiwa kubeba kilo 75 za kukandamiza chini, na keria ina kilo 18, zilizobaki kwa baiskeli ni 57 tu. Juu ya paa hesabu ni hiyo hiyo, kwa kuwa kikomo cha paa, ambacho kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 75, hujumuisha vyuma vya keria pamoja na mzigo. Zaidi ya hayo, vikomo hivyo hufikiria barabara ya lami iliyo sawa. Kwenye barabara ya changarawe au yenye mashimo ni busara kuacha nafasi kubwa, kwa mfano kupakia baiskeli mbili kwenye keria iliyotengenezewa tatu, kwa sababu mzigo unaorushwa na shimo hutua kwa nguvu inayozidi uzito wake mara mbili au zaidi.

Keria ya mikanda ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kwa kawaida huwa na mikanda sita yenye kulabu: miwili inashika ukingo wa juu wa mlango wa buti, miwili ubavuni na miwili chini. Kulabu zinapaswa kushika ukingo wa bati la chuma lililokunjwa, kamwe zisishike kioo, plastiki ya mapambo au bawa dogo la plastiki lililo juu ya mlango wa magari mengi yanayoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani, kwani plastiki hiyo hupasuka bila kutoa dalili. Bati na miguu ya keria vifutwe vumbi kwanza, la sivyo chembe za mchanga zitakazobaki kati yake zitasaga rangi ya gari. Mikanda ya juu hubeba uzito, ya chini huzuia kurushwa, na ya ubavuni huzuia kuyumba kwenye kona. Anayeacha ya ubavuni kwa kuona kuwa keria tayari imesimama ameondoa kinga ya kona zote za Mombo. Kukaza kufanyike kwa zamu, juu kidogo, chini kidogo, kisha ubavuni, na kurudiwa, kwa maana kila mkanda unaokazwa huulegeza mwingine uliotangulia.

Kwa magari yenye tairi la akiba mlangoni, kama vile baadhi ya RAV4, Prado na Escudo, keria ya tairi ni nzuri kuliko ya mikanda, kwa sababu hushikwa na boliti badala ya kitambaa. Udhaifu wake uko kwenye bawaba za mlango, ambazo tayari zimebeba tairi lenye uzito mkubwa na huenda zimechoka kwa miaka ya barabara mbovu. Kabla ya kupakia, mlango ufunguliwe nusu na kuinuliwa kwa mikono: ukiinuka hata kidogo kabla ya bawaba kushika, mlango huo haufai kuongezewa mzigo mpaka fundi abadilishe pini zake.

Keria ya kusimama juu ya chuma cha kuvutia tela ndiyo bora kwa safari ndefu, na hukumu hii haina budi kutolewa waziwazi. Baiskeli hukaa chini, magurudumu yakiwa yamelala katika mifereji na kufungwa kwa mikanda yenye meno, huku mkono wenye kibano ukiishika fremu. Upepo unaipata kidogo kwa kuwa imejificha nyuma ya gari, na mtu mfupi anaweza kuipakia bila kuiinua juu ya kichwa. Hata hivyo ubora wake hauzidi ubora wa chuma chenyewe. Magari mengi yaliyotumika huingia nchini bila chuma hicho, na wenye magari huenda kwa mafundi wa jua kali kukichomelea. Chuma kilichofungwa kwa boliti kwenye chesisi, au kwenye mihimili miwili mikuu ya sakafu kwa gari lisilo na chesisi, kinafaa. Kilichochomelewa kwenye bati la bampa au sakafu ya buti hakifai, na kitapasuka polepole pembeni mwa weldi. Tufe la kichwa chake liwe na kipenyo cha milimita 50, ambacho ndicho kipimo cha keria za Ulaya, na lisipakwe grisi wakati wa kufunga keria, kwa sababu keria za namna hiyo hushika kwa msuguano wa kibano juu ya tufe na grisi huifanya izunguke.

Keria ya paa hushika baiskeli vizuri sana, lakini huileta kwenye upepo moja kwa moja. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake ni kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Hata kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, ongezeko linaloonekana dogo, nguvu inayosukuma baiskeli hukaribia kuwa mara mbili. Hatari nyingine ni urefu. Gari la mita 1.5 lenye baiskeli iliyosimama juu yake hufikia mita 2.6 au zaidi, ilhali maegesho ya chini ya majengo mengi hayaruhusu kupita mita 2.1 hivi. Dereva aliyechoka na safari husahau kilicho juu ya kichwa chake, kwa hiyo karatasi yenye urefu kamili wa gari na mzigo ibandikwe kwenye dashibodi, mbele ya macho yake.

Baada ya keria kuwa tayari, baiskeli yenyewe huandaliwa. Chupa za maji, pampu, taa, mikoba na kiti cha mtoto vitolewe vyote, pamoja na betri ya baiskeli ya umeme, ambayo huwa na kilo mbili hadi nne na husafiri salama zaidi ndani ya gari. Baiskeli isifunikwe kwa turubai ikiwa kwenye keria, kwani kifuniko hujaa upepo na kuwa tanga, na keria haikutengenezwa kuvuta tanga. Katika keria za nyuma, baiskeli nzito kuliko zote hukaa karibu na gari na nyepesi hukaa nje. Kisha baiskeli hupangwa kwa kugeuzana, usukani wa moja ukielekea kulia na wa nyingine kushoto, ili vyuma visigongane. Pedali ndiyo adui mkubwa wa fremu ya jirani, na njia rahisi ni kuifunga krenki kwenye bomba la fremu yake yenyewe isizunguke, na kuweka kipande cha sponji au zulia kuukuu kila mahali ambapo kitu kimoja kinaweza kukigusa kingine.

Kibano kinachoshika fremu kinahitaji tahadhari ya pekee kwa baiskeli za kaboni. Kaboni ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Huvumilia sana kuvutwa kwa urefu wake, lakini bomba lake jembamba linaweza kuvunjwa na kibano kinacholibana kutoka pande mbili, na ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi mpaka siku mwendeshaji atakapokuwa kwenye mteremko. Baiskeli kama hiyo ifungwe kwenye keria inayoshika magurudumu peke yake, kwa mkono unaopita juu ya tairi la mbele, au kwenye keria ya paa inayoshika uma, yaani miguu miwili ya mbele iliyokuwa imeshika gurudumu. Ikiwa gurudumu limetolewa kwenye baiskeli yenye breki za diski za mafuta, kipande cha kadibodi kikunjwe na kuwekwa kati ya pedi za breki, maana mtu akiubonyeza wenzo wa breki wakati diski haimo, pedi hujifunga na gurudumu halitarudi kwa urahisi. Ekseli za uma nazo si za aina moja, kwa kuwa nyingine ni za kufunguka kwa wenzo wa haraka na nyingine hupenya kabisa, zikiwa na kipenyo cha milimita 12 au 15, na keria isiyolingana na ekseli husika isilazimishwe.

Suala la mipira linastahili kusemwa kwa mkazo. Kote Afrika Mashariki mzigo hufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na kwa gunia la mkaa au kreti ya soda nyuma ya pikipiki kifungo hicho kimethibitika. Kwa baiskeli nje ya gari hakifai kuwa kifungo kikuu. Mpira hushika kwa kuvutika, na kitu kinachovutika huachia mzigo usogee. Tuta linapoirusha baiskeli, mpira hunyooka, baiskeli hupanda, kisha mpira huirudisha kwa kishindo, na mchezo huo ukirudiwa mara mia kati ya Chalinze na Mombo, kwenye njia ile ya kwenda Lushoto, kitu kitakatika au kitachomoka. Kazi njema ya tyubu ni kuwa pedi kati ya chuma na chuma, na kuwa kifungo cha ziada kinachozuia gurudumu la mbele lisipinde au ncha ya mkanda isipepee. Mzigo wenyewe ushikwe na mikanda iliyofumwa. Ya poliesta ni bora kuliko ya nailoni, kwa sababu nailoni hurefuka inapolowa, na mkanda uliokazwa asubuhi kavu huwa umelegea baada ya mvua ya saa moja. Mkanda uliopauka kwa jua, au wenye nyuzi zilizokatika ukingoni, utupwe bila kuonewa huruma. Unaopita hewani kwa urefu wa kutosha usokotwe mara moja au mbili kabla ya kukazwa, jambo linalouzuia kutetema na kuvuma kwenye upepo, na ncha inayobaki ifungwe fundo mbele ya bizimu, ili hata bizimu likiteleza mkanda usitoke.

Mtetemo wa matuta madogo madogo hufanya kazi nyingine ya siri, nayo ni kufungua nati. Nati za keria ziwe za kujifunga, zenye pete ya plastiki ndani inayozuia kuzunguka, na baada ya kukazwa zichorwe mstari mmoja wa rangi unaovuka nati na boliti. Mstari ukikatika, yaani pande mbili zisipokutana tena, dereva anajua kwa kutupa jicho tu kwamba nati imezunguka. Jambo lingine linaloharibu mali kimyakimya ni bomba la moshi. Tairi linaloning'inia mbele ya mdomo wake hupokea moto kwa safari nzima, huweza kuyeyuka au kupasuka, na hali hiyo huzidi kwenye mpando mrefu, injini inapofanya kazi kwa nguvu huku gari likienda polepole. Baiskeli isogezwe au igeuzwe mpaka magurudumu yote yawe mbali na njia ya moshi.

Kipimo cha mwisho kabla ya kuondoka hakihitaji chombo chochote. Baiskeli ya nje kabisa ishikwe kwa mikono miwili na kutikiswa kwa nguvu, mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Gari zima likitikisika pamoja nayo, kazi imekamilika. Baiskeli ikitikisika huku gari limetulia, kuna kifungo kinachoachia, na kitafutwe mpaka kipatikane. Kipimo hicho kirudiwe baada ya kilomita 10 hadi 15 za kwanza, kwa sababu mikanda mipya hutulia, miguu ya sponji hubonyea na magurudumu hukaa vizuri kwenye mifereji yake, na baada ya hapo kila gari linaposimama kwa mafuta au chai. Baada ya kipande kirefu cha barabara ya vumbi gari lisimamishwe kwa ajili hiyo tu.

Mwendo nao ni sehemu ya kufunga. Tuta livukwe polepole kuliko kawaida na kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwani kulivuka kimshazari huyumbisha keria ubavuni, na dereva asikanyage mafuta kabla ekseli ya nyuma haijashuka, maana tuta la baiskeli ni pale magurudumu ya nyuma yanapopita. Kurudi nyuma kufanyike kwa msaada wa mtu aliyesimama nje. Namba ya gari na taa za nyuma zisizibwe: keria nyingi za Ulaya za kwenye tufe huja na ubao wa taa na mahali pa kuweka namba, lakini gari lililoagizwa Japani mara nyingi halina soketi ya kuupa umeme, kwa hiyo fundi wa umeme wa magari afunge soketi hiyo kabla ya safari. Anayefuata gari usiku hana njia nyingine ya kujua kwamba limeshika breki. Kuhusu wizi, mnyororo wenye kufuli upitishwe kwenye fremu zote na kwenye chuma cha keria kila gari linapoachwa, na baiskeli zisilale nje.

Nyuma ya karibu kila gari katika barabara hizi kuna bodaboda, mara nyingi ikiwa imebeba abiria, na mara nyingi iko karibu kuliko inavyopaswa. Baiskeli ya kilo 15 inayoanguka mbele yake haimwachii mwendeshaji nafasi ya kuikwepa. Kwa sababu hiyo msomaji ambaye keria yake haikushinda kipimo cha kutikisa, au ambaye mkanda wake mmoja umeanza kukatika siku ya safari, anaombwa asiondoke hivyo kwa matumaini ya kwenda polepole: alaze viti vya nyuma, atoe gurudumu la mbele, atandike shuka kuukuu, na aisafirishe baiskeli ndani ya gari, hata kama itambidi kumwacha mwenzake mmoja apande basi.